Somo la 9: Je, Asiyebatizwa Aweza Kuokoka?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 16:15, 16, Luka 7:29, 30, Luka 23:39–43, Yohana 3:1–8, Matendo 8:9–24, Matendo 10:44–48, 1 Petro 3:20, 21.

Fungu la Kukariri: Marko 16:16. Likariri kutoka katika Biblia yako, nusu zote mbili, maana kesho tutazipima moja baada ya nyingine.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, nilifundisha darasa la ubatizo lenye watu tisa. Mmoja wao alikuwa mama mjane, muuza dagaa, aliyekwisha kupita miaka sitini. Hakujua kusoma, lakini mafungu aliyoyasikia Sabato hii aliyasema Sabato ijayo bila kukosea. Alihojiwa mbele ya baraza la kanisa, akakubaliwa, na siku ya ubatizo ikapangwa. Mchungaji wa mtaa, aliyekuwa na makanisa mengi na baiskeli moja, hakuweza kufika, tukaahirisha. Ikapangwa siku nyingine, mvua ikakata njia; tukaahirisha tena. Juma la tatu, siku ya Jumatano, mama yule alishikwa na homa, na alfajiri ya Ijumaa akafariki. Kanzu aliyoshona kwa ajili ya ubatizo ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku lake.

Msibani mwanawe mkubwa alinivuta pembeni. “Mwalimu,” akaniambia, “mimi mambo yenu ya kanisa siyajui. Niambie jambo moja tu. Mama amekufa akiwa wenu, au si wenu?”

Katika baraza letu jibu halikuwa moja. Mzee mmoja alisema kwamba jina lake halimo katika kitabu cha washiriki, kwa hiyo tusimzike kama mshiriki. Mwingine akamwuliza kama kitabu cha kanisa na kitabu cha uzima ni kitabu kimoja. Mwishowe tulimzika kwa ibada ya kanisa, kwa wimbo na kwa Neno. Lakini swali la mwanawe lilibaki, nalo ndilo swali letu juma hili.

JUMAPILI
Nusu Mbili za Fungu Moja

Soma Marko 16:15, 16. Nusu ya kwanza ya fungu la 16 inataja mambo mangapi? Nusu ya pili inataja mangapi?

Wengi wetu tunalijua fungu hili kwa nusu yake ya kwanza. Yesu anaweka kuamini na kubatizwa pamoja, kisha anataja wokovu. Hakuna mahali alipodokeza kwamba la pili ni la hiari. Mitume walimwelewa hivyo. Siku ya Pentekoste watu wapatao 3,000 walilipokea neno wakabatizwa siku ile ile (Matendo 2:41). Mlinzi wa gereza kule Filipi hakungoja kupambazuke. Alibatizwa usiku ule ule, yeye na watu wake wote (Matendo 16:33). Katika kitabu chote cha Matendo humkuti mtu anayesema, “Nimeamini, ila ubatizo sitaki.”

Sasa itazame nusu ya pili. Anayehukumiwa ni nani? Ni asiyeamini. Bwana hakurudia maneno yote mawili. Kinachompoteza mtu kinatajwa kimoja tu, nacho ni kutokuamini. Kama maji yenyewe ndiyo yangekuwa yanaokoa, hapa ndipo pangekuwa mahali pa kusema kwamba aliyekosa maji ameukosa wokovu.

Soma Matendo 8:9–24. Simoni aliamini na kubatizwa (fungu la 13). Petro alimwambia nini baadaye kuhusu moyo wake?

Simoni aliingia majini mkavu, akatoka amelowa, basi. Moyo wake haukuwa mnyofu mbele za Mungu, na Petro hakumficha. Ndiyo maana Petro huyo huyo, anapoandika kwamba ubatizo unaokoa, anaharakisha kueleza anachokikusudia: si kuuosha mwili uchafu, bali ni dhamiri inayomwelekea Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo (1 Petro 3:21). Wengine wakilisoma fungu hilo huishia katikati. Lisome mpaka mwisho.

Wakristo wamegawanyika hapa kwa karne nyingi. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ulimlaani yeyote asemaye kwamba ubatizo si wa lazima kwa wokovu. Upande wa pili, kanisa la Friends, yaani Quakers, ambao ni wengi magharibi mwa Kenya, na pia Jeshi la Wokovu, hawabatizi kwa maji. Kwao ubatizo ulio wa kweli ni wa Roho. Sisi tunaungama katika Imani ya Msingi namba 15 kwamba kwa ubatizo tunakiri imani yetu katika kifo na ufufuo wa Yesu. Anayekiri anakiri kitu kilichokwisha kuwamo ndani yake.

JUMATATU
Farisayo na Maji Aliyoyapita

Soma Yohana 3:1–8 pamoja na Luka 7:29, 30. Luka anasema Mafarisayo na wanasheria walifanya nini walipokataa ubatizo wa Yohana?

Yohana 3:5 ndilo fungu linalotajwa kwanza na wale wanaosema hakuna wokovu pasipo maji. Basi tumwulize Nikodemo mwenyewe: aliposikia neno “maji” usiku ule, alifikiri maji gani? Alikuwa mwalimu wa Israeli, kwa hiyo alipaswa kumkumbuka Ezekieli 36:25–27, ambapo Mungu anaahidi kuwanyunyizia watu wake maji safi, kuwapa moyo mpya na kutia roho yake ndani yao. Lakini pia kulikuwa na maji ya karibu zaidi. Yohana Mbatizaji alikuwa akibatiza, na habari zake zilikuwa zimefika Yerusalemu. Watoza ushuru walishuka majini. Mafarisayo wengi walisimama ukingoni wakitazama.

Luka anaiita hali ile kwa jina lake: kwa kutokubali kubatizwa walilipinga shauri la Mungu juu yao. Si kwamba maji ya Yordani yalikuwa na nguvu ndani yake. Ni kwamba kushuka majini kulimtaka mtu akiri mbele za watu kuwa ni mwenye dhambi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwao. Nikodemo alikuja usiku. Tunajua kwamba hatimaye alitoka mchana, akabeba manemane na udi kwa maziko ya Bwana (Yohana 19:39).

Je, kuna jambo ambalo ubatizo ulikutaka, au unakutaka, ukiri mbele za watu, nawe ungependa libaki siri kati yako na Mungu?

JUMANNE
Mtu Asiyeweza Kushuka

Soma Luka 23:39–43 na Mathayo 27:44. Mnyang’anyi huyu aliweza kufanya nini akiwa amesulubiwa?

Mathayo anatuonyesha kwamba mwanzoni wanyang’anyi wote wawili walimtukana Yesu. Kwa hiyo badiliko la huyu mmoja lilitokea pale pale msalabani, ndani ya saa chache. (Habari ya koma katika fungu la 43 na hali ya wafu tuiache leo, darasa likianza hapo halitamaliza somo.)

Baadhi ya walimu hulikwepa jambo hili kwa kusema kwamba mnyang’anyi alikufa kabla ya agizo la Mathayo 28:19, kwa hiyo habari yake haituhusu. Kwangu jibu hilo ni dhaifu. Yohana alikuwa amebatiza, wanafunzi wa Yesu walikuwa wamebatiza (Yohana 4:1, 2), na maneno ya Yohana 3:5 yalikuwa yamekwisha kusemwa. Kama Bwana angetaka kuweka sharti lisilo na nafasi hata kwa aliyepigiliwa misumari, alikuwa na mtu kama huyo pembeni yake. Alimpa ahadi.

Lakini angalia mtu huyu alifanya nini kwa kile alichobakiwa nacho. Mikono haikuwa yake tena, miguu haikuwa yake tena. Ulimi ulikuwa wake bado. Kwa ulimi huo alimkemea mwenzake, alikiri kwamba anastahili adhabu yake, alimtetea Yesu mbele ya umati uliokuwa ukimdhihaki, na akamwomba amkumbuke. Wanafunzi waliobatizwa walikuwa wamekimbia. Huyu asiyebatizwa ndiye aliyekiri hadharani. Yale ambayo ubatizo husema, yeye aliyasema yote, ila hakuwa na njia ya kufika majini.

JUMATANO
Nyumbani kwa Kornelio

Soma Matendo 10:44–48. Roho Mtakatifu alishuka lini, kabla ya ubatizo au baada yake? Petro aliamua nini kutokana na hilo?

Kornelio na jamaa zake walipokea Roho wakiwa wamekaa, Petro hajamaliza hata kuhubiri. Hapa tungetazamia mtu aseme, “Basi, maji ya nini tena?” Petro alisema kinyume chake. Aliuliza kama yupo mtu wa kuwanyima maji watu hawa, kisha akaagiza wabatizwe. Kwa Petro, kazi ambayo Mungu amekwisha kuifanya moyoni ndiyo sababu ya kwenda majini upesi.

Swali lile la Petro linanichoma. Kwa utaratibu wetu mzee wa kanisa habatizi kwa kujiamulia. Huomba kibali kwa uongozi wa juu wa kanisa. Mimi nilijua utaratibu huo, na sikuandika barua. Nyumba ya mama yule ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba usiku ulisikia mawimbi. Sisi ndio tuliomkawiza. Neema ya Mungu haikumkawiza, hilo naliamini. Lakini alinyimwa furaha yake, na kanisa lilinyimwa ushuhuda wake.

Ninyi mlio wazee na walimu: katika darasa lenu la ubatizo leo, ni nani anayengoja, na anangoja nini?

ALHAMISI
Nia na Kisingizio

Mwaka 392 mfalme kijana wa Roma, Valentinian wa Pili, alikufa akiwa hajabatizwa. Alikuwa amemwita Ambrose, askofu wa Milano, aje ambatize. Akafa kabla askofu hajafika. Dada zake walilia hasa kwa sababu hiyo. Ambrose alikuwa mwalimu mkali wa ubatizo, lakini katika hotuba yake ya maziko aliwafariji kwamba jambo ambalo ndugu yao aliliomba, Mungu hakumnyima. Kanisa Katoliki nalo, pamoja na tamko la Trento, linakubali mpaka leo kwamba aliyetamani ubatizo akazuiwa na kifo aweza kuokolewa. Hivyo hata wale wanaoukaza sana ulazima wa maji wameacha nafasi kwa mtu kama mama yetu yule.

Mlinganishe na Konstantino. Yeye aliiunga mkono imani ya Kikristo kwa miaka mingi, aliita Mtaguso wa Nikea mwaka 325, akaketi kati ya maaskofu, na alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa mwaka 337, alipokuwa mgonjwa wa kufa. Katika siku zile wengi waliahirisha hivyo, kwa kuwa walidhani maji huosha dhambi za nyuma na kwa hiyo ni heri kuyangoja mpaka dhambi ziwe zimekwisha. Ukiyafanya maji kuwa dawa, watu watapanga siku ya kuinywa.

Nirudi kwa mwana wa yule mama. Siku ile nilimjibu kwa Luka 23, naye akafarijika, akaanza kuja kanisani. Mwaka uliofuata nilimwuliza kuhusu darasa la ubatizo. Akatabasamu: “Mwalimu, si ulisema mwenyewe mnyang’anyi aliokoka bila maji? Na mama vilevile. Mimi haraka ya nini?”

Sikuwa na jibu papo hapo. Nililipata njiani nikirudi nyumbani, nikamwambia Sabato iliyofuata. “Mama yako aliyatafuta maji, yakamponyoka. Wewe yako mbele yako, unayakimbia. Msalaba wako uko wapi?” Alinyamaza. Anafanya kazi ya ulinzi, na Sabato mbili kwa mwezi ni zamu yake. Najua hilo ndilo linalomzuia, naye anajua kwamba najua. Watoto wake wawili wamebatizwa. Yeye Sabato zile nyingine huketi benchi la nyuma, karibu na mlango.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Warumi 6:3–6, Tito 3:4–7, na Waefeso 2:8–10. Angalia katika kila sehemu ni nani anayetenda kazi ya kuokoa. Kisha soma sura inayohusu Kalvari katika kitabu cha Ellen White, Tumaini la Vizazi Vyote, mahali anapoeleza habari za mnyang’anyi. Ellen mwenyewe alilelewa katika kanisa la Methodisti, ambako aliweza kunyunyiziwa maji akitaka. Alichagua kuzamishwa, akabatizwa baharini huko Portland, Maine, tarehe 26 Juni 1842, siku yenye mawimbi makubwa, akiwa na umri wa miaka 14.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja anasema, “Ubatizo unaokoa.” Mwingine anasema, “Ubatizo hauokoi.” Kwa kutumia 1 Petro 3:21 na habari ya Simoni, kila mmoja wao amesema kweli wapi, na amekosea wapi?

2. Mgonjwa aliye kitandani hospitalini, asiyeweza kuzamishwa kwa sababu ya mashine zilizofungwa mwilini mwake, amempokea Yesu na anaogopa kwamba amechelewa. Utamsomea fungu gani, na utamwambia nini?

3. Kama mngekuwa baraza la kanisa letu siku ile ya msiba, mngeamua nini, na kwa mafungu yapi?

4. Mtu wa benchi la nyuma ana mke, watoto, na kazi moja. Kabla ya kumwambia tena habari za maji, kanisa lake linapaswa kumfanyia nini?