Laptopu ya Bei Nafuu Yatosha Kuwasilisha Maoni ya Kijiji

Wakazi wa Mai Mahiu hawajasahau alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalipofurika na kusomba watu na nyumba huko Kamuchiri. Baadaye serikali ilieleza kwamba kalvati iliyo chini ya reli ilikuwa imeziba.

Kwa kawaida, kalvati iliyoziba huonwa kwanza na majirani. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Tatizo ni kwamba katika kikao wasemaji huwa wengi na dakika chache. Picha iliyo ukutani huokoa maneno mengi, na laptopu iliyotumika yenye RAM ya gigabaiti 4 inaiweza kazi hiyo.

1. Tumia programu ya bure. LibreOffice Impress ikishawekwa, haihitaji intaneti.

2. Tengeneza slaidi tano tu: mahali penyewe, tatizo, wanaoathirika, ombi lenu, na kikundi kinacholeta ombi.

3. Weka picha moja kwa kila slaidi. Ipunguze ukubwa kwanza, kwani picha nzito hukwamisha laptopu dhaifu. Maneno yawe machache, herufi zisipungue ukubwa wa 28, ili aliye nyuma asome.

4. Hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi. Laptopu yako ikigoma, utaifungua kwenye ya mwenzako bila mpangilio kuvurugika.

5. Uliza mapema kuhusu projekta. Nyingi za zamani hutumia waya wa VGA, za kisasa HDMI. Tundu la laptopu yako likiwa tofauti, beba adapta.

6. Fika kabla ya wengine ujaribu. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha uchague skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. F5 huanzisha slaidi. Betri kuukuu haidumu, kwa hivyo beba chaja na ekstensheni.

Usisome slaidi neno kwa neno. Watazame watu, onyesha picha, taja ombi.

Mwisho, andika ombi hilo hilo kwenye karatasi, mtie sahihi, na mlikabidhi kwa wanaoandika kumbukumbu za kikao. Stima ikipotea, bado mtasikika. Kikao kikiisha, slaidi huzimwa, lakini karatasi hubaki kwenye faili.