Kumwandikia wakala wa akili unde maelezo ya zana ya kukata video

Mtu akikata video huitazama. Akiona msemaji ameanzia katikati ya neno, hurudi nyuma nusu sekunde na kukata tena. Wakala wa akili unde mara nyingi hatazami chochote: anasoma maelezo uliyomwandikia, anaita zana, anapokea jibu, kisha anamwambia mtumiaji "tayari". Kila ambacho jicho lingekigundua, inabidi maandishi yakiseme mapema.

Zana ninayoitunza inaitwa kata_klipu. Ndani yake ni FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na kazi yake kubwa ni kuchomoa mabao na mahojiano kwenye rekodi ndefu. Mawakala wanaifikia kupitia Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Humo zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na skima ya vigezo vyake. Ule mwongozo mrefu wenye picha uliouweka pembeni wakala haujui, isipokuwa umpe.

Kwa hiyo nguvu zangu nyingi naziweka kwenye vigezo, hasa muda. "mwanzo: muda wa kuanza" haimsaidii mtu. Nimeandika hivi: "mwanzo: nafasi ndani ya faili, ikihesabiwa tangu 00:00:00 ya faili lenyewe. Si saa ya ukutani wala dakika ya mchezo. Mfano: 01:28:15.500."

Hayo maneno "dakika ya mchezo" yana sababu. Mtumiaji anaomba: "Nikatie bao la dakika ya 67." Kwa mtangazaji wa mpira, hiyo ni kati ya 66:00 na 66:59 ya saa ya mchezo. Sasa chukua rekodi iliyowashwa dakika nne kabla ya filimbi, kipindi cha kwanza kikaongezwa dakika tatu, mapumziko yakawa dakika 15. Bao liko kwenye 01:28 na sekunde zake. Wakala asiyeambiwa ataandika 01:07:00 bila wasiwasi wowote, na klipu itaonyesha wachezaji wakianza kipindi cha pili. Ndiyo maana chini ya kigezo hicho kuna sentensi moja zaidi: mtumiaji akitaja dakika ya mchezo, tafuta kwanza kila kipindi kilianza wapi ndani ya faili, usipopata, muulize.

Kigezo cha pili ni mwisho. FFmpeg ina -t kwa urefu na -to kwa nafasi ya kumalizia, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Ukiweka -ss 60 (nafasi ya kuanzia) kabla ya -i (faili la kusomwa), kisha -to 90 baada yake, saa ya klipu huanza upya kwenye sifuri, nawe unapata sekunde 90 badala ya 30. Wakala hana haja ya kuyajua hayo. Hesabu inafanyika ndani ya zana, na maelezo yanasema tu kwamba mwisho ni nafasi kwenye faili la awali, yakifuatiwa na mfano: mwanzo 00:01:00, mwisho 00:01:30, klipu ya sekunde 30. Mfano wenye namba hunifanyia kazi kuliko aya nzima ya ufafanuzi.

Kuna pia hali mbili za kukata. "Haraka" hunakili data ilivyo, kwa -c copy, kwa hiyo picha haiwezi kuanzia popote. Inarudi hadi fremu kamili iliyotangulia. Kwa mpangilio wa kawaida wa kisimbaji cha x264, fremu hizo zinaweza kuachana hadi fremu 250, yaani sekunde 10 kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. "Sahihi" husimba upya na huchukua muda. Siandiki "chagua inayofaa", maana huko ni kumtupia wakala uamuzi ambao ni wangu. Naandika sheria: klipu ya kuchapishwa, sahihi; kugawa rekodi ndefu vipande vya kuhifadhi, haraka.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, na binafsi huuandika kabla ya mengine yote, kwa sababu wakala huusoma akiwa amekwama. "Kigezo batili" humfanya abahatishe. "Mwisho 01:40:00 umezidi urefu wa faili, 01:38:12" humpa cha kurekebisha. Faili likiwa tayari lipo, FFmpeg husimama na kuuliza kama iliandike upya. Hakuna wa kujibu, kazi inaganda. Zana yangu hukataa papo hapo na kudai jina jingine.

Kupima ni rahisi. Fungua mazungumzo mapya, mpe wakala maelezo ya zana peke yake, kisha omba kama watu wanavyoomba: "nikatie pale anapoanza kucheka". Akibuni muda, maelezo bado. Akiuliza ni wapi, au akitafuta zana nyingine ya kuangalia picha, sawa. Halafu anza kufuta. Maelezo hubebwa kwenye kila mazungumzo, kwa hiyo sentensi ambayo ukiiondoa miito haibadiliki, iondoke. Kwangu ilianza kuondoka historia ya matoleo, ikafuata aya ya kusifu kasi ya zana.