Kuondoa Theluji kwa Trekta

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tunaijua theluji kwa kuitazama kwa mbali, juu ya vilele vya Ruwenzori, nayo huonekana nyepesi kama pamba. Kwa mtu wa Quebec, katika nchi ya Kanada, theluji ni mzigo wa kupimwa kwa tani. Mjini Montreal, ukijumlisha yote iangukayo katika mwaka mmoja, hupata kina cha kama meta 2. Mwenye nyumba asipoiondoa, motakaa yake haitoki, na gari la wagonjwa haliwezi kumfikia.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua njia itokayo barabarani mpaka mlangoni, urefu wake meta 20 na upana meta 4. Usiku imeanguka theluji ya sentimeta 25. Yaani meta za ujazo 20. Theluji mpya iliyo kavu huweza kuwa na uzito wa kilo 100 kwa kila meta ya ujazo, basi hapo pana tani 2. Lakini theluji iliyolowa yaweza kufika kilo 300, na kwa kina kile kile njia hiyo ikabeba tani 6! Kuzihamisha kwa sepetu ni kazi ya kuvunja mgongo, na madaktari huwaonya wenye ugonjwa wa moyo wasiithubutu. Ndiyo sababu mkulima aliye na trekta hulifungia chombo cha theluji.

Chombo kilicho rahisi ni bapa la chuma, ambalo husukuma theluji kando. Bei yake si kubwa, wala hakuna mengi ya kuharibika. Ila yake haionekani mpaka majira ya baridi yafike katikati. Theluji iliyosukumwa haiendi mbali. Hukaa kandoni, ikashikana kwa baridi na kuwa ngumu kama ukuta. Ikianguka nyingine, bapa halina pa kuisukumia, na njia huzidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo mwenye kujua kazi, tangu theluji ya kwanza ya Desemba, huisukuma kupita ukingo kabisa, hata kama jirani anamcheka.

Chombo cha pili hakisukumi, bali hurusha. Aliyekianzisha huko Quebec ni Arthur Sicard, ambaye husimuliwa kwamba alipata wazo hilo kwa kutazama mashine ya kupura nafaka. Alikitengeneza mwaka 1925, na mwaka 1927 akauza cha kwanza kwa mji wa Outremont. Parafujo kubwa iliyolala huvuta theluji kutoka pande zote mbili na kuileta katikati. Hapo panga zizungukazo kwa kasi huipokea na kuitupa juu kwa bomba, ikaanguka mbali. Nguvu hutoka kwenye mhimili wa trekta, ambao kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Dereva hugeuza bomba liufuate upepo, la sivyo theluji yote humrudia usoni.

Mimi ningechagua cha kurusha mahali penye theluji nyingi na nafasi ndogo. Kwingine bapa latosha. Lakini chombo hiki hakipendi theluji iliyolowa, kwa maana huziba bomba. Wala hakipendi mawe. Njia ikiwa ya changarawe, hapana budi kukiinua sentimeta 2 au 3 juu ya ardhi. Parafujo ikigonga jiwe, bolti moja dhaifu hukatika. Imewekwa makusudi ikatike, ili gia zisivunjike. Wako watu ambao, kwa kuchoka kuibadilisha, hutia bolti ngumu zaidi, kisha wakalipia gia mpya.

Hatari kubwa iko pale bomba linapoziba. Dereva ana haraka, baridi inamwuma, naye huingiza mkono kuikwangua theluji. Wengi wamepoteza vidole hivyo, hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu panga zilizokwama huweza kubaki na msukumo, na kizuizi kikitoka huzunguka ghafula. Kwanza huzimwa injini, hungojwa kila kitu kisimame, ndipo theluji hutolewa kwa fimbo. Fimbo ikivunjika, hukatwa nyingine.