KOMPYUTA YA OFISI INAZIMA YENYEWE? USIKIMBILIE KUNUNUA MADABODI

Leo somo halihusu bei wala matangazo. Linahusu lile boksi lililokaa chini ya meza yako, lenye oda za wateja, picha za bidhaa na hesabu zako zote. Likigoma, biashara imesimama. Somo ni refu kidogo, ila soma mpaka mwisho, litakuokolea hela.

Mimi sijasomea ufundi. Nimemaliza kidato cha nne, nauza mashuka na mapazia mtandaoni hapa Morogoro. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kupigwa.

ILIKUWAJE

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, ile ya kiofisi. Ikaanza kuzima yenyewe. Mwanzo mara moja kwa siku, baadaye kila nikifungua picha kubwa, paap, giza. Nikamwita fundi wa jirani. Akaangalia dakika tano tu, akasema, "Dada, madabodi imekufa hiyo. Tafuta nyingine."

Nikaingia mtandaoni, nikaona madabodi kwa 130,000. Picha safi, maneno matamu. Nikalipa, ikaja kwa basi. Kufungua, soketi ya prosesa siyo ya kwangu na pini zake kadhaa zimelala. Nikampigia muuzaji, simu ikapokelewa mara moja, baada ya hapo nikablokiwa.

Fikiria, mimi mwenyewe nauza mtandaoni, kila siku nawaambia wateja waniamini, halafu napigwa mtandaoni. Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: wateja 11 walikuwa wameshalipia mashuka ya sikukuu. Majina, saizi, rangi na mikoa yao vyote vimo ndani ya kompyuta iliyozima. Sina nakala popote.

Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na kompyuta. Alitoa hadi diski yangu, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wa USB, faili la oda likafunguka. Nusura nilie. Kisha akapima umeme ndani ya boksi. Akaniambia, "Binti, madabodi yako nzima. Pawa saplai ndo imechoka." Pawa saplai ya mtumba ikanigharimu 30,000. Yaani nilitupa 130,000 kwa ugonjwa wa 30,000. Wateja wawili walishakata tamaa wakataka hela zao, nikarudisha. Tisa walipata mzigo, ila kwa kuchelewa.

Sasa twende kwenye somo.

SEHEMU YA KWANZA: TAFUTA UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA

Madabodi ndo kitu cha mwisho kulaumu. Anza na vya bei rahisi. Kabla ya kugusa chochote ndani, zima, chomoa waya ukutani, kisha gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini mwako utoke. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, ndani yake inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

1. Umeme wa nje. Badilisha plagi, badilisha ekstensheni, badilisha waya. Waya uliolegea nyuma ya boksi unazima kompyuta kama ugonjwa mkubwa. Jaribu kuichomeka ukutani moja kwa moja.

2. Saa na tarehe. Ukiwasha unakuta tarehe imerudi miaka ya nyuma? Hiyo ni betri ndogo ya duara kwenye madabodi, inaitwa CR2032, ya volti 3. Inauzwa hata kwa mafundi saa. Wengi hawajui kwamba tarehe ikikosea, kurasa nyingi za intaneti zinagoma kufunguka na kudai si salama. Unalaumu bando kumbe ni kibetri.

3. Vumbi na joto. Kama inawaka vizuri halafu inazima baada ya dakika kumi au ishirini za kazi, shuku joto. Fungua ubavu, safisha kwa brashi laini, shika feni isizunguke wakati unasafisha. Angalia feni ya prosesa inazunguka. Kama kompyuta ina miaka mingi, ile pesti kati ya prosesa na chuma cha kupozea huwa imekauka. Ifutwe, ipakwe mpya kidogo tu, ukubwa wa punje ya mbaazi unatosha.

4. RAM. Feni zinazunguka, taa inawaka, lakini skrini nyeusi, au inapiga mlio wa bip bip. Chomoa RAM, futa zile sehemu za rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, rudisha mpaka isikike imebana. Kama zipo mbili, jaribu moja moja, na ujaribu kila tundu. Tundu moja likigoma na RAM zote, ndo tundu lina shida. RAM moja ikigoma kwenye matundu yote, ndo RAM mbovu. Kuhusu idadi ya milio, kila kampuni ina maana zake, kwa hiyo tafuta kwa jina la modeli yako, usiende na ya jirani.

5. Hadi diski. Kompyuta inawaka ila inajikokota, mafaili yanagoma kufunguka, au unasikia tik tik tik ndani. Hapo usianze matengenezo. Kwanza nakili vitu vyako nje. Hadi diski inayogonga inaweza isiwake kesho.

6. Pawa saplai. Dalili zake: inazima ukiipa kazi nzito, inajiwasha upya, inahitaji kubonyezwa mara tatu ndipo iwake, au kuna harufu ya kuungua nyuma. Hapa mwite fundi mwenye mita. Kompyuta ikiwa inafanya kazi, waya wa njano kwa mweusi usome volti 12, mwekundu kwa mweusi 5, wa chungwa kwa mweusi 3.3. Inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo volti 12 isishuke chini ya 11.4. Yangu ilisoma 11.8 ikiwa imetulia, nikifungua picha inashuka mpaka 10.9 na kuzima. Ndiyo maana kupima ikiwa imepumzika hakutoshi, ipimwe ikiwa na kazi. Angalizo: baadhi ya kompyuta za kiofisi zina pawa saplai zenye plagi zao wenyewe na rangi tofauti, hizo ziende kwa modeli yake.

7. Sasa ndo madabodi. Ukishapita hizo sita, toa kila kitu kisicho lazima: hadi diski, kadi za ziada, vifaa vyote vya USB. Acha prosesa, feni yake, RAM moja na pawa saplai ambayo una uhakika nayo. Kama bado haiwaki, angalia madabodi kwa tochi. Tafuta kapasita zile kama vipipa vidogo: kichwa kiwe bapa. Kikivimba kama mkebe wa soda ulioachwa juani, au kimetoa uji wa kahawia, hapo kuna ugonjwa. Kompyuta nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikufa hivyo dunia nzima, kwa sababu ya kapasita zenye maji mabovu ndani. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kubadilisha kapasita tu, ukaendelea na kazi.

SEHEMU YA PILI: MADABODI IMEKUFA KWELI, UNANUNUAJE?

Kwanza piga hesabu. Uliza bei ya madabodi, halafu uliza bei ya kompyuta nzima ya mtumba inayofanana na yako. Mimi kanuni yangu: madabodi ikizidi nusu ya bei ya kompyuta nzima, nanunua nzima. Ya zamani inabaki ya vipuri.

Ukiamua kununua madabodi, angalia haya.

Soketi. Prosesa haiingii kila mahali. Kwa Intel, kizazi cha 2 na cha 3 ni soketi 1155. Kizazi cha 4 ni 1150. Kizazi cha 6 na 7 ni 1151, na cha 8 na 9 nacho kinaitwa 1151 lakini kinataka madabodi za aina yake, hazibadilishani. 1155 na 1150 kwa macho zinafanana, hapo ndo nilipopigwa. Namba hii mara nyingi imeandikwa penyewe kwenye soketi. Omba picha ya karibu, usikubali "inaingia tu dada".

RAM. DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato wa chini umekaa sehemu tofauti. Ukinunua madabodi ya DDR4 wakati RAM zako ni DDR3, jiandae kununua na RAM. Bei nafuu imeshapotea hapo.

Umbo na plagi. Madabodi nyingi za kompyuta za kiofisi zina matundu ya skrubu na plagi za umeme za kwao. Kama boksi lako ni la kiofisi, tafuta madabodi ya modeli ileile, soma namba iliyobandikwa kwenye boksi.

Hali yake. Kwenye prosesa za Intel za vizazi hivyo, pini zipo kwenye soketi ya madabodi, ni laini kama nywele. Omba picha ya soketi ikiwa wazi, pini zote zilale upande mmoja kwa mstari. Kapasita nzuri ni zile ngumu, za chuma kitupu, kichwa bapa bila mikato ya msalaba, zinavumilia joto zaidi. Angalia nyuma ya bodi kama kuna alama za kuungua au risasi iliyochomelewa ovyo.

Ione ikifanya kazi. Hili usiliruke. Ikiwa Kariakoo au popote, iwashwe mbele yako nusu saa. Jaribu kila tundu la USB, sauti, tundu la intaneti, na matundu yote ya RAM. Ingia kwenye baiosi uone haina nywila, maana bodi zilizotoka maofisini nyingine zimefungwa na kuifungua ni kazi nyingine. Kama upo mbali, omba video ya simu iliyo hewani, siyo iliyorekodiwa.

Windows. Kompyuta za kiofisi nyingi leseni ya Windows imefungamana na madabodi. Ukibadilisha, inaweza kukudai leseni upya. Pia kumbuka Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Kwa hiyo usimwage hela nyingi kwenye madabodi ya kizazi cha 4 ukitegemea ikufikishe mbali.

Risiti na siku za kujaribu. Iandikwe kabisa: modeli, tarehe, siku ngapi za kurudisha. Muuzaji anayekataa kuandika ameshakujibu.

SEHEMU YA TATU: KILA JIONI, DAKIKA TANO

Kompyuta ni chuma, itakufa siku moja. Kinachouma ni kilichomo ndani. Sasa hivi mimi kila jioni nanakili faili la oda kwenye flashi, na nakala nyingine inakaa kwenye barua pepe yangu. Oda zenye malipo ya awali naandika pia kwenye daftari, kwa peni. Dakika tano tu. Na umeme ukikatika, nazima ukutani, nawasha ukisharudi na kutulia, kwa sababu umeme unaporudi kwa nguvu ndo unaochosha pawa saplai.

Wale wateja tisa, wanne bado wananunua kwangu mpaka leo. Niliwapigia mmoja mmoja, nikawaambia ukweli kwamba kompyuta imezima na nimechelewa kwa uzembe wangu wa kutoweka nakala. Hakuna aliyenitukana. Mteja anavumilia kuchelewa, havumilii kublokiwa. Hilo nililijifunza nikiwa upande wa aliyeblokiwa.

Ile madabodi ya 130,000 ipo kwenye rafu juu ya meza yangu. Siitupi. Kila nikitaka kununua kitu kwa haraka, naiangalia kwanza.

Kazi yako ya leo: kabla hujafunga duka, nakili faili lako la oda nje ya kompyuta. Kisha niandikie hapo chini, kompyuta yako ina dalili gani kati ya hizo saba? Tusaidiane. Na kama una mwenzako ambaye kompyuta yake imeanza kuzima zima, mtumie somo hili kabla fundi wa dakika tano hajamfikia.