Dondoo muhimu: Mbwa na paka wasiugue bure

Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaonekana, lakini chanjo ipo. Mbwa au paka achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe. Kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Muulize ofisa mifugo wa kata yako. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kupe wanataka macho ya kila siku. Mpekue mbwa masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya. Mafuta ya taa usipake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mbwa wala paka, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini huweza kumuua paka. Ukiona ufizi wa mbwa umepauka au mkojo umekuwa wa kahawia, usingoje kesho.

Jikoni, wanyime vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa.

Paka asipewe kamwe parasetamoli: kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Mbwa au paka amekula sumu ya panya? Mkimbize kwa daktari wa mifugo hata kama anacheza, kwani baadhi ya sumu hizo huanza kuonyesha madhara baada ya siku kadhaa. Tafadhali, beba na pakiti ya sumu yenyewe.