COCCINELLE INAZIMIKA KWA RALANTI: TUANZIE WAPI?

Wengi wetu tukisikia Coccinelle 1600 inatetemeka ao inazimika kwa ralanti, tunakimbilia visi ya kufungua kipepeo cha karbirateri. Ile si dawa, ni kuficha ugonjwa: moteri inanyonya mafuta kwa njia ingine, na jigleri iliyoziba haijulikane tena.

Tufuate mupango huu:

1. Moteri ikiwa baridi, pima nafasi ya supape: mm 0,15.

2. Pima platine: mm 0,4. Kiisha angalia avansi.

3. Angalia mipira ya bomba za kuingiza hewa. Ikipasuka, hewa inaingia kwa siri.

4. Fungua kontakti bila kuwasha moteri. Jigleri ya umeme inapashwa kulia "tik". Isipolia, fuata waya. Ikilia na ubaya unabaki, safisha jigleri ya ralanti.

Visi inakuja mwisho: mizunguko 850 hivi kwa dakika.

Hewa ikizidi mafuta, moteri inapata moto sana na supape zinaungua. Na siku ingine ile motokari itabeba mugonjwa usiku. Basi tutafute kwanza, tugeuze nyuma.