Mpira Usio na Upepo

Mtoto wa Aru anaujua mpira wa miguu kabla hajajua kusoma. Mpira wa kikapu, ambao wengi huuita basketi, hauonekani sana vijijini, kwa kuwa unataka uwanja mgumu. Upige mpira chini kwenye udongo wenye mvua: haurudi mkononi, hulala palepale kama embe lililoanguka.

Mchezo huo ulianza mwaka 1891 katika mji wa Springfield, nchi ya Marekani. Mwalimu mmoja, James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alipewa vijana 18 waliofungiwa ndani kwa sababu ya baridi kali, nao walikuwa wasumbufu. Akapigilia vikapu viwili vya matunda juu ya ukuta, kimoja huku na kimoja huku, akawapa mpira. Vikapu vile vilikuwa na vitako bado. Basi kila mpira ulipoingia, ilikuwa lazima mtu apande ngazi kuutoa! Baadaye kikapu kiliachwa, likawekwa duara la chuma lenye wavu. Lakini urefu wake haukubadilika hata leo: meta 3 na sentimeta 5 kutoka chini. Ndiyo maana watu warefu hutafutwa sana kwa mchezo huu.

Huko Marekani karibu kila chuo kikuu, yaani iniversite, kina timu yake. Watu maelfu huja kutazama, na chuo hupata fedha na sifa. Kijana maskini mwenye mwili mrefu anaweza kupewa bursi, maana yake analipiwa masomo, chakula na malazi, ili acheze. Ni jambo jema. Lakini lina mtego ndani yake. Wako vijana wengi waliocheza miaka minne, wakapigiwa makofi, kisha wakarudi kwao bila cheti, na goti limevunjika. Chuo kilifaidika kwa miguu yao. Wao walifaidika nini?

Mtu mmoja aliyeuona mtego huo mapema ni John Thompson. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Washington, mtoto wa watu weusi maskini. Baba yake alikuwa mfanyakazi, hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alisomea ualimu, lakini kwa ubaguzi wa siku zile akawa anasafisha nyumba za watu. Mtoto John mwenyewe alichelewa kusoma. Shule moja ilimhesabu kuwa mjinga, akaondolewa. Katika shule nyingine mwalimu mwanamke alimshika mkono, akamsomesha polepole mpaka herufi zikamtii. Thompson hakumsahau mwalimu huyo. Hata alipokuwa mzee mwenye jina kubwa, aliendelea kumtaja.

Akakua, akawa mrefu wa meta 2 na zaidi. Alisoma katika chuo cha Providence, akamaliza mwaka 1964, akacheza miaka miwili katika timu ya Boston Celtics. Huko alikaa zaidi kwenye benchi, kwa kuwa mbele yake alikuwapo Bill Russell, na hakuna aliyeweza kumtoa Russell. Basi akaacha kucheza, akarudi Washington kufundisha vijana wa shule ya St. Anthony.

Mwaka 1972 chuo kikuu cha Georgetown kilimwita awe mwalimu mkuu wa timu yake. Georgetown ni chuo cha Wajesuiti, kilichoanzishwa mwaka 1789, na ndicho chuo kikuu cha Kikatoliki cha kwanza katika Marekani. Historia yake ina doa pia. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Chuo kiliomba msamaha kwa jambo hilo mwaka 2017. Katika mahali pa namna hiyo mtu mweusi kupewa timu halikuwa jambo dogo. Tena timu yenyewe ilikuwa imeoza: mwaka uliotangulia ilishinda mara 3, ikashindwa mara 23.

Kazi ya kwanza aliyoifanya Thompson haikuwa ya uwanjani. Alimleta Mary Fenlon, aliyekuwa mtawa zamani na mwalimu pamoja naye kule St. Anthony, akamkabidhi masomo ya wachezaji. Mwanamke huyo hakufundisha kurusha mpira. Alitazama madaftari. Alijua nani amekosa somo la asubuhi na nani hajaandika kazi yake. Hata siku za mashindano alikaa kwenye benchi pamoja na walimu wa timu, na wageni wakaulizana: yule mama anafanya nini pale?

Na juu ya meza yake Thompson aliweka mpira mmoja usio na upepo, umelegea kama ngozi ya ndizi. Kila kijana aliyeingia ofisini aliuona. Maana yake ilikuwa rahisi: siku moja upepo utatoka, nawe utabaki na nini?

Hakuwa mtu mpole. Alikuwa na sauti nzito, na taulo jeupe begani. Mazoezi aliyafanya milango imefungwa, na waandishi wa magazeti wengi hawakumpenda. Lakini hesabu zake zinasema. Katika miaka yake Georgetown, kati ya wachezaji waliokaa naye miaka minne, 97 kwa 100 walipata cheti cha chuo kikuu. Na ushindi ulikuja pia. Tarehe 2 Aprili 1984 timu yake iliishinda Houston kwa 84 kwa 75, ikawa ya kwanza katika vyuo vya Marekani yote. Hapo Thompson akawa mwalimu mkuu mweusi wa kwanza kushinda mashindano hayo.

Mwaka 1989 lilitokea neno zito zaidi. Wakuu wa michezo ya vyuo walitunga sheria: kijana asiyefikia alama fulani katika mtihani asipewe bursi mwaka wake wa kwanza. Waliosema ndiyo walikuwa na sababu: masomo kwanza, mpira baadaye. Je, Thompson naye hakusema hivyohivyo siku zote? Lakini yeye aliitazama sheria kutoka upande wa maskini. Mtihani ule, alisema, unawafaa watoto waliosoma katika shule nzuri. Mtoto wa tajiri akikosa alama, baba yake atalipa ada. Mtoto wa maskini akikosa, mlango umefungwa. Wengi wa namna hiyo huenda kwenye vyuo vidogo vya miaka miwili, wakitumaini kuhamia chuo kikuu baadaye. Vyuo hivyo si vibaya, vimewainua wengi. Lakini hata huko wengine hukaa kwa ajili ya mpira tu, na miaka miwili hupita upesi.

Tarehe 14 Januari 1989 timu ya Georgetown iliingia uwanjani kucheza na Boston College. Kabla mpira haujarushwa, Thompson aliinuka, akatoka nje ya uwanja, akaiacha timu kwa wasaidizi wake. Watu wakasimama wakampigia makofi. Nchi nzima ikauliza sababu, naye akaisema. Sheria ile iliahirishwa, kisha mwaka 1990 ikalegezwa.

Katika timu ile ya mwaka 1989 alikuwamo kijana wa Kongo, Dikembe Mutombo. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, akasoma Boboto, shule ya Wajesuiti, akitaka kuwa daktari. Alikuwa na meta 2 na sentimeta 18, basi mtu wa kawaida akisimama naye alikitazama kifua chake. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa bursi ya masomo. Kiingereza hakujua. Mwalimu mwenye tamaa angesema: mtu huyu ni ukuta, mwekeni mbele ya kikapu leo! Lakini mwaka mzima wa kwanza Mutombo hakucheza. Alikaa darasani akijifunza Kiingereza, yeye aliyekwisha kujua Kifaransa, Tshiluba cha Kasai, Kilingala na Kiswahili. Alipoanza kucheza msimu uliofuata, siku moja alizuia mipira 12 ya adui.

Udaktari haukupatikana, kwa sababu masomo yake na michezo havikuweza kwenda pamoja. Lakini mwaka 1991 alimaliza chuo kikuu na vyeti viwili, cha elimu ya lugha na cha mambo ya ubalozi. Ndipo akaenda kucheza kwa mshahara, miaka 18, na katika historia ya ligi ile ni mtu mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, aliyezuia mipira mingi kumpita.

Katika miaka ya vita, mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa, asiweze kufikishwa hospitali, akafa. Mutombo alitoa mamilioni ya dola katika mali yake, akaomba na kwa wengine, akajenga hospitali ya vitanda 300 katika mtaa wa Masina, akaipa jina la mama yake. Ilifunguliwa mwaka 2007.

Thompson alifariki tarehe 30 Agosti 2020, mwenye miaka 78. Mutombo alimfuata tarehe 30 Septemba 2024, kwa ugonjwa wa uvimbe katika ubongo, naye alikuwa na miaka 58.

MASWALI

Kwa nini vikapu vya Naismith vilihitaji ngazi?

Kikapu kiko meta 3 na sentimeta 5 juu. Mutombo alikuwa na meta 2 na sentimeta 18. Kutoka kichwani pake mpaka kikapuni ni sentimeta ngapi? Kutoka kichwani pako je?

Waliotunga sheria ya mwaka 1989 walisema masomo yatangulie. Thompson naye alisema vilevile. Walipishana wapi?

Mary Fenlon alifanya kazi gani katika timu?